Kosa Ulilolibeba Pale Pampuni

Kwako Mikayi, mke mkubwa wa boma letu,

Tangu tukuzike sijatulia. Nikienda kuteka maji nakuona umesimama pale pampuni, spana mkononi, leso umeikaza kiunoni, nami mke mdogo nabaki nikikustaajabia kama siku ile.

Unakumbuka tulivyopelekwa Homa Bay kusomea kazi ya pampu? Wanawake wanane kutoka pande za Rangwe, na kati yao wake wenza wawili wasiosalimiana! Mwalimu wetu, mama mmoja mcheshi, akatuweka meza moja bila kujua. Majuma mawili tulifungua pampu na kuifunga, na neno pekee tulilopeana lilikuwa "lete spana". Hata huko nilikuonea wivu. Mikono yako ilikuwa ikishika kazi upesi kuliko yangu.

Halafu pampu yetu ikaharibika, na kamati yenye kushika ufunguo wake ni sisi wanawake. Akina mama walikuwa wamerudi mtoni, kwenye maji yale yale yaliyomharisha binti yangu Akinyi nusura nimzike. Mwenyekiti wa wazee akaja na wenzake.

"Hii kitu wamama wamefungua, nani atafunga?" akasema. "Ng'ombe zikirudi kama maji haijatoka, funguo inarudi kwa wazee."

Tulijua maana yake. Zamani ufunguo ukiwa kwao, pampu ikiharibika ilikaa na kufuli mwezi mzima wakingoja fundi wa mjini.

Tulivuta vyuma vyote kutoka kisimani. Ukavilaza juu ya leso kwa mpangilio ule ule viliotoka nao, kama ulivyokuwa ukianika omena, dagaa wa ziwani. Mimi nikapachika mpira mpya, ule wenye umbo la kikombe unaopandisha maji. Nilijivuna, sikungoja uukague. Tukarudisha kila kitu, tukapampu. Ikakohoa upepo mtupu.

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Tukavuta tena, na mpira ukatoka mdomo wa kikombe ukiwa chini badala ya juu. Kengele za ng'ombe zilishaanza kusikika. Mzee akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ukaniangalia. Ulijua vizuri ni kazi ya nani. Nilingoja unitaje, kwa maana mimi, Mungu anisamehe, ningekutaja.

"Nimekosea mimi, jaduong'," ukamwambia mzee kwa heshima. "Ngoja kidogo."

Kisha ukanikabidhi mpira ule ule mbele ya watu wote. "Weka wewe." Safari hii mdomo niliuelekeza juu, tukarudisha vyuma, tukapampu. Maji yakaja kwa nguvu, yakamlowesha mzee viatu, na ule mkono akautia mfukoni.

Jioni ile nilikuletea samaki. Ukala, wewe uliyekuwa hujawahi kugusa chakula cha jiko langu. Tangu hapo tukawa watu wa kuitana, kuazimana chumvi, kugombana na kucheka. Lakini habari ya mpira hukuigusa hata mara moja, na mimi niliogopa kuitaja. Nimeishi na wewe miaka yote hiyo bila kuelewa moyo wa namna hiyo unatoka wapi.

Siku ya kukuzika yule mzee alisimama na bakora yake. "Huyu mama alitengeneza pampu yetu tangu tukiwa na nguvu," akasema, "na alikosea mara moja tu." Watu wakacheka kwa upendo.

Nikasimama, Mikayi. Nikasema, "Hata hiyo moja ilikuwa yangu."

Nisamehe kwa kuchelewa. Lala salama, ufunguo ninao.

Mke mwenzako mdogo