Baba Yako Yuko Nje ya Hospitali

Darlene, jana ulimwona baba yako akishika kifua, ukajifanya unaosha vyombo. Supu iko jikoni. Simu yako imezimwa, ndiyo maana naandika.

Alfajiri nimemkuta kwenye maegesho ya hospitali, ndani ya gari, theluji imefunika vioo, mwanga mweupe kama tumo ndani ya wingu. Anangoja maumivu yapite, asiingie. "Bima hailipi mpaka kwanza tutoe dola elfu saba zetu, mke wangu," akaniambia, akitabasamu kama anayeota. Kaka yangu Vernon naye alingoja hivyohivyo, tukamzika. Sijawasamehe wenye bima.

~~Usije, nitambembeleza.~~ Hapana, mimi hanisikii, wewe ndiye kipenzi chake. Nimechukua blanketi, narudi kwake. Njoo sasa hivi, tumwingize ndani!

Mama