Nilimtania Mjomba kwa Graniti Yake, Sasa Hasemi Nami

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza ujue unaandikiwa na nani: mimi ndiye niliyemuuzia kaunta ya jikoni bwana mmoja asiye na nyumba, akatoka dukani anatafuta kiwanja cha kuijengea, na mpaka leo akiniona ananishukuru. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wanarudiarudia mambo, lakini mdomo nilitoka nao, na ndio unaonilisha.

Ninauza kaunta za solidi, yaani unga wa mawe uliochanganywa na plastiki ngumu kiwandani ukawa ubao, kitu laini kwa mkono, huoni kilipoungwa, bizari ikimwagika unafuta, kikichubuka unapitisha msasa kinarudi kipya. Shida ni kwamba ng'ambo ya barabara kuna karakana ya graniti, na graniti ni rahisi kuliko mali yangu, kwa hiyo mteja anakuja kwangu anapapasapapasa kama anayempima mtoto homa, anauliza bei, halafu anavuka barabara. Na mwenye karakana hiyo ni mjomba wangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, na kwake ndiko ninakolala mpaka sasa. Usishangae, tulikuwa tunaishi vizuri tu, mchana tunanyang'anyana wateja, jioni tunachekana mezani, yeye ananiita Plastiki, mimi namwita Mzee wa Mawe, na mkazamjomba anasema hajapata kuona vichaa wawili wakigombea jiko la mtu mwingine.

Sasa majuzi akaja mama mmoja na ramani ya jiko, jiko kubwa la kutamanisha, nikamwimbia sifa zote nilizo nazo, akanisikiliza, akavuka. Nikamwona kule ameshaweka kiganja juu ya jiwe jeusi, na anatabasamu, nikasema huyu haniponyoki, nikavuka na mimi, nikaingia kwenye karakana ya watu bila hodi, na kwa sauti ya kusikika na mafundi nikamwambia, "Mama, hilo ni jiwe la makaburini. Utawapikia wanao juu ya kaburi?" Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaweka nyundo chini, yule mama naye akacheka, akauondoa mkono. Mjomba akazima mashine, akajifuta vumbi, akamwambia, "Mama, nunua kwake. Huyo ni mtoto wangu."

Na kweli akanunua. Tajiri wangu, mwenye duka, aliposikia nilivyompata alicheka mpaka machozi, na sasa anataka maneno JIKONI SI MAKABURINI yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wetu, ule unaotazamana na karakana ya mjomba, mchoraji ameshakuja kupima, na mimi nitapandishwa niwe msimamizi wa mauzo. Nyumbani mjomba hajanigombeza, afadhali angenigombeza ningejua pa kushika, chakula ananifunikia kama kawaida ila akisikia nafungua mlango anaingia chumbani, na mkazamjomba ameshasema mmoja wetu afungue mdomo kwa sababu yeye si redio. Nikiukataa ule ukuta nitamuudhi tajiri, nikiukubali sijui nitapitaje pale asubuhi.

Watu nimewaambia mjomba amenuna kwa sababu ya mteja. Si kweli, mshauri. Juu ya kaburi la mama kuna graniti nyeusi, mjomba aliikata mwenyewe, mama ni dada yake, hakutaka fundi mwingine aiguse. Na usidhani nilisahau. Nilikumbuka katikati ya maneno, nikaona watu wameshaanza kucheka, nikamalizia.

Plastiki

JIBU

Kijana, nimecheka kwa yule bwana wa kiwanja, halafu nikafika mwisho wa barua yako nikaiweka chini. Ulijua, ukamalizia. Umefanya vibaya, na nashukuru hukujaribu kujipamba.

Lakini na wewe ujifunze kusikiliza, maana mdomo unao, masikio sijui. Mjomba wako alitukanwa mbele ya mafundi wake na bado akakuita mtoto wake. Aliyekutupa hasemi hivyo. Anaingia chumbani kwa sababu ana uchungu na hataki ukuangukie wewe. Wewe ulipoteza mama. Yeye alipoteza dada, na siku hiyohiyo akapewa wewe akutunze. Hilo jiwe ndilo jambo la mwisho aliloweza kumfanyia kwa mikono yake.

Tuanze na ukuta. Kamwambie tajiri wako maneno ni yako na umeyarudisha. Mweleze sababu, usione haya. Naye alikuwa na mama. Kisha mpe maneno mengine ya kuandika: haionyeshi maungio, haishiki doa, ikichubuka inasuguliwa. Ni ya kweli na yanatosha. Akishupaa kuandika yale ya makaburi, ondoka. Hutalala njaa na huo mdomo.

Halafu acha kumtukana jirani ndipo uuze. Mali yako ni ghali, basi mwambie mteja analipia nini. Tena mwambie na lile ulilonificha hata mimi: sufuria ikitoka motoni moja kwa moja inaiunguza solidi yako, graniti inavumilia. Mpikaji anayebwaga masufuria ovyo, mvushe barabara wewe mwenyewe umpeleke kwa mjomba. Atakayebaki kwako atakuwa ameipenda kweli, na hatakurudia na kelele.

Sasa mjomba. Usitume mkazamjomba. Usinunue zawadi. Neno "nilikuwa natania" lisitoke kinywani mwako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: nilikumbuka, nikamalizia. Ni aibu, lakini ndilo analolijua tayari, na anasubiri kuona kama utalisema. Ukishalisema, nyamaza. Akilia, kaa hapo. Akitaka kukusimulia habari za dada yake, sikiliza mpaka mwisho, hata kama ulishazisikia.

Na uende karakana kesho asubuhi, kabla hajawasha mashine. Ikishaanza kulia utapata kisingizio.