Kidonda Ambacho Baba Hakuweza Kukitaja

S.L.P. 114,
Manga, Nyamira.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa Mama Natasha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha wiki nyingine. Mnaendeleaje huko Mombasa? Kikohozi cha Natasha kimeisha, au bado joto linamsumbua? Na wewe, mgongo umepata nafuu, kwa vile unashinda kwenye cherehani mchana kutwa? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Mvua imeanza na majani chai yanachipuka vizuri. Mama amekufungia mbegu za mboga ya chinsaga, utazipata pamoja na barua hii kutoka kwa mtu wa basi.

Sasa nije kwa mume wako. Alitukataza tusikuambie, tukamtii, ndiyo maana kila ulipopiga simu nilikujibu kwamba Mogire yuko sawa. Nisamehe, wifi yangu. Hakuwa sawa. Mwezi wa kwanza, akiwa kazini jikoni huko gerezani alikofungwa, sufuria ya uji ilimwagikia paja la kushoto, ikamchoma mpaka kwenye kinena. Kwa simu ningelia tu, nawe uko kazini na wenzako wanasikia, ndiyo nikaona niandike.

Utauliza kama gerezani hakuna wa kumtibu. Yuko, na hapo ndipo shida ilipo. Mhudumu wa zahanati anayefunga vidonda huko ni Mzee Ombati, wa ukoo wetu, binamu ya Baba. Kwa hesabu yetu huyo ni baba yake Mogire sawa na aliyemzaa. Unakumbuka ulipoolewa ulivyotushangaa kwamba Baba hapiti mlango wa nyumba yenu, hata mvua imnyeshee? Ndiyo chinsoni hiyo. Baba na mwana hawaonani uchi, wala hawatajiani mambo ya mwili. Basi Mogire angevuaje suruali mbele ya Ombati?

Akawa anajifunga mwenyewe kwa vitambaa alivyorarua kwenye shati kuukuu. Vikashikana na nyama. Nilipoenda kumwona nilimkuta amesimamia mguu mmoja kama korongo, nikamuuliza kwa nini haketi. Akasema, "Dada, hapa viti ni vya wenye cheo." Nikacheka, nikarudi nyumbani. Kila nikipiga magoti kuomba, hicho kicheko kinanirudia.

Ni wenzake wa chumba waliolalamika juu ya harufu. Akapelekwa hospitali akiwa na homa kali, wakamsafisha, wakamtia dawa. Wiki iliyopita amerudishwa gerezani. Daktari amesema kidonda kifunguliwe na kufungwa upya kila siku, na mguu unyooshwe, la sivyo ngozi itavutana na hataunyoosha tena maishani. Kikioza mara ya pili, huenda wakaukata. Na wa kumfunga ni yule yule Ombati.

Ombati mwenyewe alikuja hapa nyumbani akaketi na Baba. Hakujitetea. "Nilimuuliza nikiwa mlangoni, akasema kimepona, nami nikashukuru," alisema. "Nimeosha makalio ya wezi wa ng'ombe, na ya mhubiri mmoja. Ya huyu yalinishinda."

Mama akamwambia, "Si ungejifanya ni mhubiri amerudi?"

Hata Baba alicheka, kisha akainamisha kichwa na machozi yakamtoka.

Wakakubaliana kwamba chinsoni haikuwekwa ili imlemaze mtoto. Ombati sasa yuko tayari. Baba akavaa koti lake la kanisani akaenda gerezani ampe Mogire ruhusa kwa kinywa chake. Aliporudi nikamuuliza kama amemwambia.

"Tumeongea juu ya yule ng'ombe wa Nyansiongo," akasema.

Kumbe alishindwa. Kumruhusu mwana avue ni kutaja kuvua, na hilo nalo halisemeki. Nilimhurumia sana, wifi. Ameketi mbele ya mtoto wake, anauona ule mguu umepinda, na anamweleza habari za maziwa.

Mimi nimejaribu, lakini Mogire ananipiga chenga kwa utani wake. Ombati anasema kila asubuhi anamwambia, "Kesho, Mzee." Bandeji ya hospitali haijafunguliwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Hukulelewa na aibu hii, tena ni mke wake, unaweza kuutaja mwili wake bila kosa. Mwandikie. Mwambie Baba ameruhusu na Ombati amekubali, nawe hutaki arudi nyumbani akiwa anabebwa. Askari husoma barua kwanza, lakini usijali, andika waziwazi. Mpe mtu wa basi akirudi Jumanne, nami nitaifikisha gerezani mwenyewe Jumatano. Tungekuambia mapema, labda tusingefika hapa.

Mama na Baba wanakusalimu. Nisalimie Natasha na dada yako Beverlyne. Mungu awafunike kwa mkono wake, na awape usingizi hata baada ya kusoma haya.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Esnah Nyanchera