Masasi Makavu

Lukafu, 9 Januari 1977

Kwa yaya yangu Mwape, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo mtaa wa Annexe, wewe na wifi Mado na watoto. Mnaamkaje? Kifua cha wifi kimepona? Sisi tunaamka tu. Mtoto wangu Chola anaota meno na ananiuma nikimnyonyesha, kwa mengine Mungu anatulinda.

Yaya, ninaandika kwa sababu nungu wanatumaliza. Mwaka jana walikuwa wawili watatu, tukasema basi, nao ni viumbe. Mwaka huu wamechimba kichuguu kizima katikati ya shamba, mashimo kila upande, wamejipanga humo kama wenye nyumba. Jua likizama wanatoka. Karanga wamefukua. Mihogo wamekula mizizi na kuacha miti imesimama, inatudanganya. Sasa wamefika kwenye mahindi. Nungu haridhiki na hindi moja: anaangusha shina, anauma kidogo, anaenda kwa jingine. Mitego wanaikwepa. Moshi tuliwatilia, tukakohoa sisi.

Mume wangu Kalaba ana ile karabini ya marehemu baba yake, lakini hana hata risasi moja. Nimefunga ganda tupu katika kitambaa hiki ili uone ukubwa wake. Ututafutie. Mahindi haya yakiisha hatuna kitu kingine cha kula, na mama mkwe ameshaanza kusema kwamba tangu niingie nyumba hii mavuno yanapungua. Unamjua. Anasema akiangalia pembeni, lakini anasema nikiwa karibu.

Fanya haraka, yaya. Aruna dereva wa kamio ataleta.

Ni mimi ndugu yako,
Kunda


Lubumbashi, 24 Januari 1977

Ndugu yangu Kunda,

Barua yako imenikuta mzima, ingawa tanuru la shaba linanikausha kama samaki. Wifi yako bado anakohoa, lakini ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo najua atapona. Mbusu Chola, mwambie asimle mama yake.

Masasi nimepata. Nilienda na ganda lako kwa mzee Rigobert, aliyekuwa mlinzi wa wanyama porini. Tangu serikali ikataze majina ya kizungu, katika karatasi yeye ni Citoyen Kabwe, lakini ukimwita hivyo barabarani hageuki. Alinitolea aina tatu, zote zinaingia katika bunduki hiyo. Kuna fupi: bei yake nzuri, ila nungu akipigwa nayo anaingia shimoni kufia huko, nanyi mnabaki na harufu. Kuna ndefu yenye tundu kichwani: hiyo inapasukia ndani, nyama haifai tena kwa chungu. Na kuna ndefu yenye kichwa kizima. Hiyo ndiyo nimechagua. Mzee anasema Kalaba angoje mpaka nungu ageuze ubavu, amlenge nyuma ya sikio, asihangaike na miiba.

Sasa sikiliza. Barabarani kuna vizuizi vya askari, na ruhusa ya bunduki ilikuwa ya marehemu. Wakimkuta Aruna na masasi, atalala ndani. Kwa hiyo nimegawa katoni. Nusu imebaki kabatini kwangu. Nusu nimeizamisha chini kabisa ya bidoni, lile dumu la mawese. Hakuna askari atakayetumbukiza mkono humo na kuchafua shati lake. Na sisi watu wa mashine tunajua, chuma kikilala katika mafuta hakishiki kutu. Yafuteni tu vizuri, na mafuta mle na mboga ya sombe.

Mwambie shemeji yangu paja moja ni langu.

Yaya wako,
Mwape


Lukafu, 12 Februari 1977

Yaya Mwape,

Salamu kwako na kwa wifi. Mko wazima? Huku mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Bidoni ilifika. Masasi niliyafuta mwenyewe, moja moja, kwa kitenge changu. Kalaba akaenda kukaa mbele ya kichuguu, kijiji kizima kikijua. Nungu dume akatoka, akageuza ubavu kama mzee wako alivyosema. Kalaba akavuta. Tak. Basi. Akabadili risasi. Tak. Akabadili tena. Yule nungu alimtazama, yaya, kisha akaenda zake kula mahindi.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu risasi moja ililia kama mtu anayepiga chafya, ikaishia kwenye majani hapo karibu.

Unajua mambo ya kwetu. Bunduki ikikataa mkononi mwa mwenye nyumba, haiulizwi bunduki. Anaulizwa mwanamke aliyebaki kwenye moto wake, alikuwa na nani. Mama mkwe amesema mbele ya majirani: "Bunduki ya baba yake haikukatalaga. Ni nyumba njo inakatala." Tangu siku hiyo Kalaba hali chakula changu. Analala kwa mama yake. Hanipigi wala hanitukani. Afadhali angenitukana.

Yaya, sijatoka nje ya ndoa yangu hata kwa mawazo. Nakuapia kaburi la mama yetu. Wanataka niseme jina la mwanamume, na jina sina. Wanasema nisiposema nitarudi kwetu na Chola atabaki. Bado ananyonya, yaya.

Andika useme masasi ni mabaya. Andika waziwazi, kwa maana barua zako Kalaba ndiye anayezisoma mbele ya wote. Neno lako moja litaniokoa.

Ndugu yako anayelia,
Kunda


Lubumbashi, 20 Februari 1977

Ndugu yangu Kunda, na wewe shemeji Kalaba unayesoma, na mama mkwe anayesikiliza,

Poleni na hali. Sisi tuko, tunawawaza tu.

Kunda, niliposoma barua yako niliacha sahani ya bukari mezani. Nilichukua masasi yaliyobaki kabatini nikaenda moja kwa moja kwa Rigobert, nataka kumkamata shati. Hakukasirika. Akasema tuyajaribu. Tukaenda porini mbali kupita Kasapa, akaweka papai juu ya kisiki, akapiga kwa karabini yake. Matatu alipiga, matatu yakalia vizuri, papai likawa uji. Na katoni ni ileile, nilifungua mimi mwenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuandika uongo mbele ya wakwe zangu. Masasi ni mazuri. Shemeji, safisha mtutu, tazama ule msumari unaogonga, labda umechoka. Ninakutumia yote yaliyobaki. Bidoni nyingine sina, Aruna amekubali kuyavaa tumboni, yamefungwa kitambaa.

Na wewe ndugu yangu, sisi ni watoto wa tumbo moja. Kama kuna neno, hata dogo, hata la zamani, liseme. Neno likishatoka mdomoni linapoa. Mimi sitakutupa.

Yaya wako,
Mwape


Lukafu, 1 Machi 1977

Yaya,

Salamu. Natumaini wifi amepona. Huku hatujambo.

Barua yako ilisomwa uani, watu wamejaa. Kalaba alisoma kwa sauti mpaka pale uliposema kama kuna neno liseme. Hapo akaikunja. Mama mkwe akapiga makofi mara moja: "Munasikia? Hata yaya yake anajua." Kisha akanigeukia mimi, bila kuangalia pembeni safari hii: "Sema jina. Ukisema, utabakia. Ukinyamaza, utarudia kwenu, na mutoto atabakia."

Wewe uliyenibeba mgongoni tukivuka mto Lufira nikiwa na homa. Nilidhani dunia nzima ikiniuliza, wewe hutaniuliza. Nimekasirika, yaya, nakuambia wazi.

Nilikaa kutwa nzima nikichagua. Wewe ulichagua kati ya aina tatu za masasi. Mimi nilichagua kati ya wanaume. Aliye hai wangempiga, labda wangemuua. Basi awe marehemu. Mwenye mjane hapa kijijini hafai, mjane angenijia. Na awe amekufa kabla sijashika mimba ya Chola, wasije wakaanza kumchunguza mtoto pua. Ndipo nikamwona Adalbert, yule mnunuzi wa mahindi aliyepinduka na kamio lake. Ndugu huku hana. Maisha yake yote hakuwahi kunigusa hata mkono, aliniita mama tu. Nikasema ni yeye, zamani, mara moja.

Kalaba na Adalbert walikuwa wakila sahani moja. Ile taa ambayo Adalbert alituzawadia siku ya harusi, Kalaba aliitoa nje akaivunja kwa mchi. Aliendelea kuitwanga hata ilipokuwa imekwisha kuvunjika. Nilitamani kumshika mkono nimwambie ni uongo, rafiki yako hana kosa. Chola alikuwa mgongoni kwangu amelala. Nikaanza kuokota vioo.

Wakanipa dawa ya kuondoa mkosi, nikanywa. Kesho yake Kalaba akachukua masasi mapya aliyoleta Aruna tumboni. Bunduki ikalia. Nungu wawili walianguka palepale, siku iliyofuata mwingine. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama mkwe akanikumbatia akilia machozi ya kweli: "Umeponesha nyumba, mutoto wangu." Kalaba amerudi kulala kwangu. Analala ameangalia ukuta.

Yaya, niliposikia ule mlio, hata mimi nilijiuliza kama kweli nilifanya.

Kama kila mzinifu wa huku, sitii chumvi chunguni mpaka nitakaswe. Mtoto wa jirani ndiye anakuja kunitilia. Niambie kitu kimoja tu: yale ya kwanza yalikataa kwa nini?

Kunda


Lubumbashi, 5 Machi 1977

HARAKA. Isomwe mbele ya wote.

Ndugu yangu Kunda, shemeji Kalaba, mama mkwe,

Salamu zitakuja baadaye. Kunda, futa machozi, umepona!

Jibu lako sijalipata, lakini jana nilikuwa na Rigobert, tunakunywa munkoyo, akaniuliza nilipitishaje masasi kwenye vizuizi. Nikamweleza ile akili yangu ya bidoni, najisifu. Akaweka kikombe chini. "Mu mafuta? Weye uliweka masasi mu mafuta? Chuma inapendaga mafuta, mwana. Baruti hapana. Uliyaua yote mbele yafike."

Nilibisha. Basi akaleta risasi moja ya kwake, na nyingine ambayo alikwisha kuitia mawese siku nyingi ili kumwonyesha mpwa wake ujinga kama wangu. Kavu ililia. Ile ya mafuta: tak. Basi. Sauti ileile uliyoniandikia.

Shemeji, ni mimi. Sikia vizuri: ni mimi, kwa mkono wangu. Yale yaliyokuja tumboni kwa Aruna ni makavu, utaona yatalia. Hapo mtajua kwamba dada yangu hana doa. Mama mkwe, kama ni kulipa mbuzi kwa aibu niliyoleta, nitalipa, na nitapiga magoti.

Kunda, nisamehe lile neno la mwisho katika barua yangu. Lilinitoka kwa woga. Najua hukusema kitu, kwa sababu huna cha kusema. Aruna anaondoka keshokutwa. Vumilia siku hizo tu.

Yaya wako mjinga,
Mwape


Lukafu, 19 Juni 1977

Kwa yaya Mwape,

Salamu kwako, kwa wifi Mado na watoto. Mlipitaje wakati wa vita? Tulisikia habari za Kolwezi tukawahofia. Sisi tuko. Mahindi tumevuna, si mengi, lakini ghala lina kitu. Chola anatembea, anaanguka, anacheka.

Barua yako ya Machi imefika wiki hii. Aruna alinyang'anywa kamio kubebea askari, akaitunza barua katika koti muda wote huo. Nilikuwa natoka mtoni, akanipa mkononi. Kwa hiyo niliisoma peke yangu.

Niliisoma mara nyingi. Nilikaa chini katikati ya njia na ndoo yangu nikalia kwa sauti, kwa maana kwa mara ya kwanza tangu Februari nilijua kwa hakika kwamba mimi ni mimi. Nilitaka kukimbia nayo nyumbani. Kisha nikaanza kufikiri nitasema nini.

Umeandika kwamba yale makavu yatalia, nao watajua. Yalilia, yaya. Yalilia baada ya mimi kutaja jina. Nani ataamini mafuta? Wakiamini, Kalaba ataniuliza kwa nini nilimtukana rafiki yake kaburini, hata naye akamlaani kwa kinywa chake mwenyewe. Mwanamke mzinifu aliyesema, hapa wanamsamehe. Mwanamke aliyemsingizia maiti, sijui watamfanya nini, na sitaki kujua nikiwa na mtoto. Barua nimeitia motoni, chini ya maharage. Nisamehe. Ndiyo barua nzuri kuliko zote ulizoniandikia.

Usije kueleza. Ukija, njoo kutusalimia tu, ule, ucheke na Kalaba. Hasira yangu imekwisha. Nimeruhusiwa chumvi tena, ingawa mama mkwe huonja kwanza.

Sasa kilichonifanya niandike. Nungu wengine wameonekana kwenye mashimo ya zamani, na masasi yamekwisha. Kalaba amesema nikuombe mengine kabla ya mvua. Chagua vizuri, yaya. Ndefu, zenye kichwa kizima, na ziwe kavu. Ujaribu moja katika kila safu. Umwambie Aruna asiloe. Kwa sababu hata moja ikikataa, nitaulizwa jina tena, na mimi sina marehemu mwingine.

Ni mimi ndugu yako,
Kunda