Aliyebaki Chini ya Ngazi

Dada Nekesa,

Hujambo, na Mama anaendeleaje? Huku Kisauni joto linanikamua jasho hata nikiwa nimekaa tu.

Unajua tangu muhula uanze nilikuwa nikirusha mpira unakataa kuingia kikapuni, mpaka wenzangu wa chuo wakaacha kunipasia. Juzi nilikuwa nikifanya mazoezi peke yangu Bombolulu. Fundi viatu mmoja, Mzee Kazungu, akasimamisha kiti chake cha magurudumu, akanitazama kwa muda. Naye aliwahi kucheza, hapo hapo kitini. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona kila ukitaka kurusha wageuka kuangalia benchi? Wamuomba nani ruhusa?"

Benchi analokaa kocha lilikuwa tupu, Dada. Niliona haya.

Leo kwenye mechi sikugeuka. Nilirusha mara saba, sita zikaingia, tukashinda. Kocha, yule yule aliyeniita mzigo mbele ya timu nzima, akanikumbatia: "Nilijua tu!" Nikajinasua, nikaenda kumtafuta Mzee Kazungu.

Nilikuwa nimemwalika aje kunitazama. Nilipotoka nilimkuta nje ya ukumbi, chini ya ngazi, shati limelowa. Mlangoni walimwambia asubiri watafutwe watu wa kumbeba, na hakuna aliyekwenda kuwatafuta.

"Nilisikia makelele," akasema. "Ni wewe?"

Nilimwalika mimi mwenyewe, na ngazi zile nilikuwa nimezipanda mbio asubuhi bila hata kuziona.

Mama mwambie nimeshinda, atafurahi. Hayo mengine baki nayo wewe, dada yangu mpenzi.

Mdogo wako,
Wafula