Kiraka cha Uzi wa Kijani

Mdogo wangu,

Sisi wazima, Mama anasumbuliwa na goti tu. Kompyuta uliyotuletea imebadilisha yadi yetu ya magari mabovu: kila spea tunayong'oa inapigwa picha, inapewa namba, na mteja anachagua kwenye simu. Mafundi waliokuwa wakinuna sasa wanaringa.

Jumanne shemeji yako, kaka wa mkeo, alileta gari la kukatwa. "Dada, hili usilipige picha," akasema, yeye anayejipiga picha hata akinywa maji. Nikang'oa kiti cha nyuma. Kina kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, mshono wa Mama kabisa, pale ulipounguza kwa sigara.

Si ulituambia gari lako liliibwa, bima ikakulipa? Si mlinzi wako yuko rumande mwezi wa nne sasa kwa wizi huo? Za mwizi arobaini, sawa, lakini mwizi ni nani?

Labda nimefananisha, uzi wa kijani unauzwa kila duka. Ila Mama alikipapasa kile kiraka, akautambua mshono wake.

Picha ninayo. Ijumaa nampelekea wakili wa mlinzi, kama hujatangulia wewe polisi.

Na salamu za Mama sikuzisahau. Hakutoa.

Dada yako