Vitabu Vitatu kwa Kinyozi

Tarehe 2 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na kusimama kutwa? Mimi mzima. Maktaba wamenipa rafu ya historia kwa watu ambao hawajawahi kuisoma. Kitanunuliwa kitabu kimoja tu, nakala ishirini, na wa kukipendekeza kikaoni ni mimi. Nimebaki na hivi vitatu ninavyokutumia. Wasomee wateja wako, unijibu kabla ya tarehe ishirini, siku ya kikao. Baba hapokei simu zangu tangu niache uhasibu nikasomee historia, kwa hiyo usimwambie.

Mwanao

Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamestaafu, mdomo bado kazini. Umefika penyewe. Mimi nimenyoa manahodha na mahakimu, dunia nzima imeniinamishia kichwa, na darasa langu la sita lilikuwa la zamani, lenye uzito.

Kipimo changu: kichwa kimoja, sura moja. Kile chekundu kinashukuru watu kurasa kumi na moja. Fundi viatu alisinzia, akaanguka mbele, wembe ukamgusa sikio. Cha picha ni wafalme watupu, huyu kafa, yule kakalia kiti chake. Muuza mkaa, aliyemleta mwanawe, akaniuliza, "Na hao wafalme walipikiwa na nani?" Nikapekua kurasa zote. Mpishi hayumo. Nikakifunga.

Kesho naanza cha kijani. Baba yako huja Jumamosi kunyolewa ndevu, ila mdomo nimeutia kufuli.

Baba yako mdogo

Tarehe 12 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo, na pole kwa sikio la fundi. Cha kijani ndicho ninachokipenda, ndicho wenzangu wanachokicheka. Wanasema ni cha watoto. Nipe la kuwajibu, nisiende kikaoni mikono mitupu.

Mwanao

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikio limepona, sasa linasikia hata umbea wa mtaa wa pili.

Jumamosi duka limejaa, kaka yangu yuko kitini, povu shavu moja. Nasoma habari ya yule mtu wa kale aliyezika mbegu badala ya kuila, watoto wana njaa, wingu halionekani. Sura ikaisha. Fundi viatu akasema, "Mzee, tupishe, na sisi tuna vichwa."

Baba yako akamjibu, "Sitoki mpaka mvua inyeshe."

Nikasoma sura ya pili, povu likamkaukia. Akauliza kitabu kimetoka wapi. Mwanangu, kufuli lenyewe lilikuwa bovu. Akajifuta povu, akakichukua kitabu akaondoka na ndevu upande mmoja. Waambie wasomi wako: kuna mtu mzima anatembea mjini nusu wembe, nusu msitu, kwa ajili ya kitabu cha watoto.

Karudi leo. Ameomba kalamu.

Baba yako mdogo

Mwanangu,

Mimi mzima. Nimekimaliza. Huyu mdogo wangu huruka kila jina gumu. Kuna nchi nzima alizoziruka, nimezikuta niliposoma peke yangu. Nunueni hiki. Jumapili piga simu, nitapokea. Nataka kujua kinachofuata ni kipi.

Baba